Zamu ya Bwana Zelko

Walitukusanya Jumamosi chini ya kanisa,
theluji ikiyeyuka viatuni na kufanya vidimbwi.
Keegan, kijana wa wakala, tai kama ya kuazima,
akaangaza ukuta kwa picha ya simu
akatamka: Ziara bila alama si ziara.
Mambo sita, akasema, akainua vidole sita:
nani kahudumu, nani kahudumiwa,
huduma gani, siku gani, wapi,
saa ya kuingia, saa ya kutoka.
Nilihesabu saba. Sikusema.
Asiye na cheti kufikia tarehe thelathini
kazi atafanya, mshahara utaning'inia.

Bernadine, miaka thelathini na mmoja
akigeuza watu ubavu huu na ule wasichubuke,
alikosea nywila mara tatu,
simu ikamfungia nje
kama mlevi aliyerudi alfajiri.
Akaninong'oneza:
Kwani walidhani tulikuwa wapi miaka yote hii?

Swali la tisa: Mteja amelala. Umefika
umechelewa. Je, urudishe saa nyuma?
Nikajibu hapana. Kumi na nane kwa ishirini.
Cheti kikatoka na joto lake mashineni,
jina langu, Twila, limeongezwa herufi isiyo yangu;
nikaambiwa malalamiko ni mtandaoni.

Jumatatu nikateremka Kettle Run,
bonde ambalo mtandao hulitembelea
kama jamaa mwenye deni: kwa nadra, na haketi.
Nimepiga magoti, namvisha Bwana Zelko soksi,
simu ikasema nimo kijitoni,
mita mia mbili kutoka kitandani pake,
majini, mwezi wa Januari.
Nikatukana. Akasema, Nionyeshe.

Akavaa miwani. Akaishika simu kwa mikono miwili
kama mtu aliyepewa kifaranga.
Miaka arobaini na miwili kiwandani, akasema,
tulikata kadi kwenye saa ya ukutani.
Ting, umeingia. Ting, umetoka.
Mara moja tu nilimkatia mwenzangu,
Stefko, amelewa chakari, mkewe ana mimba.
Mara moja.
Usiku ule kreni ikaangusha ndoo ya chuma kinachochemka,
paa likafuata.
Wakamtafuta Stefko chini ya vifusi mpaka kumekucha,
kwa kuwa kadi ilisema yumo.
Ondrej Hruska aliacha mkono mle
akichimbua mtu aliyekuwa anakoroma kwake.

Akanyamaza. Soksi ya pili bado ilikuwa mkononi mwangu.
Mimi nilitaka aichukie mashine pamoja nami.

Tulizunguka nyumba nzima, yeye kwenye kiti cha magurudumu,
mimi simu juu kama mbeba mwenge,
sebuleni hakuna, chooni nusu mstari,
mpaka juu ya sinki, dirisha la kushoto,
kando ya chupa ya siki:
hapo setilaiti ikakubali kwamba ninaishi.
Akapachika kipande cha plasta ukingoni. Hapa, akasema.

Tangu hapo kila nikija ananingojea jikoni
na kofia ya chama cha wafanyakazi kichwani.
Nabonyeza. Anasema ting, kwa mdomo.
Kisha anaandika kwa penseli kwenye kalenda ya duka la dawa,
mwandiko umeinama kama ngazi ya zamani:
saa, dakika, na neno moja.
Supu. Kucha. Alilia (ni mimi; sikujua aliniona).

Jana ilikuwa saa mbili na dakika kumi na moja.
Umechelewa, akasema.
Barabara ni barafu tupu, gari liliteleza hadi kwenye ua wa jirani.
Simu imeandika nini?
Kumi na moja.
Basi ni kumi na moja, akasema, akalamba ncha ya penseli,
na pembeni, polepole, akaandika: barafu.